Alikuwa na simu yenye chaji, akanyamaza

Shangazi,

Salamu kutoka Seme. Mimi ni fundi wa magari Kisumu mjini, Jumatatu hadi Ijumaa, na wikendi narudi nyumbani kando ya Ziwa Victoria. Nina mashua moja ya mbao yenye injini ya farasi 15. Wanaoitumia ni mdogo wangu na vijana watatu. Wanavua ngege na mbuta, mapato tunagawana. Karo ya watoto wangu wanne imetoka humo, kwa hiyo sitaki usome barua hii ukadhani naichukia mashua.

Kifunguamimba wangu ni mvulana wa miaka 16. Akiwa na tisa tayari alikuwa anapiga kasia peke yake karibu na ufuo. Siku hizi injini anaivuta mara moja inashika, mimi huivuta mara tatu. Najivunia, sitakuficha.

Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, mdogo wangu alikuwa ameenda matangani. Kijana akachukua petroli kwenye akiba ya ami yake, akapakia wenzake watatu, wawili kati yao wageni kutoka mjini wasiojua kuogelea. Waliondoka saa kumi na moja jioni kwenda kuzunguka kisiwa cha Ndere, wapige video jua likizama. Laifu jaketi tatu zilibaki zimening'inia kwenye msumari bandani, pamoja na nyavu. Baadaye aliniambia kwamba ukizivaa kwenye video unaonekana mtalii.

Video yenyewe nimeiona. Mmoja wa wale wa mjini amesimama kwenye omo, mikono ameitandaza kama kipungu, na mwanangu huku nyuma anakata kona kwa kasi, mashua inalala ubavu. Wanacheka.

Wakati wa kurudi propela ilinasa wavu wa mtu. Waliukata kwa kisu, lakini injini haikushika tena. Waliivuta mpaka viganja vikachubuka. Kasia lilikuwa moja. Giza likaingia, upepo wa usiku ukaanza kuwasukuma katikati ya ghuba. Saa tatu hivi mvua ya radi ikawakuta. Walichota maji usiku kucha kwa kipande cha jerikeni. Waliokotwa saa kumi alfajiri na wavuvi wa omena (dagaa) walioona mwanga wa simu ukipepewa.

Mwanga wa simu, Shangazi. Hapo ndipo ninapokwama. Simu ilikuwa na chaji, na mtandao, anasema, ulikuwepo mpaka mvua ilipoanza. Nilikuwa nyumbani jioni hiyo, simu yangu iko mezani. Nilipomuuliza mbona hakunipigia, alitazama miguu yake, kisha akasema: "Nilifikiri tutafika kabla hujajua."

Nilimpiga makofi mawili pale pale bichi, watu wakitazama. Halafu nikalia, jambo ambalo nadhani lilimtisha kuliko makofi.

Sasa nyumba imegawanyika. Mama yake anataka mashua iuzwe na kijana apelekwe kwa wajomba zake Nakuru, mbali na maji. Mdogo wangu anasema makofi mawili hayatoshi. Baba yangu anacheka. Anasema mtoto wa Nam Lolwe (ndilo Ziwa Victoria kwa Kijaluo) lazima maji yamwonje, na kwamba hata mimi nikiwa na 17 nilivuka usiku mpaka Kendu Bay kwenda dansi. Ni kweli nilivuka, na kisa hicho mimi mwenyewe hukisimulia kila Krismasi. Na kijana mwenyewe, kule bichi na kwa wenzake wa shule, amegeuka shujaa. Wanaomba awaonyeshe ile video.

Nimfanyeje?

Baba Mwenye Mashua, Seme

*

Baba wa Seme,

Pole kwa usiku ule, na ashukuriwe Mungu kwamba ulikuwa wa giza. Unajua ninachosema: mwezi ungekuwa mkubwa, wavuvi wa omena wangekuwa nyumbani wamelala, maana taa zao haziwavutii samaki kwenye mbalamwezi. Na kama ingekuwa miezi ya Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena ukiwa umefungwa, pia wasingekuwepo. Vijana wako waliokolewa na kalenda.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama mahali uliposimama wewe. Hebu tuhesabu. Jua huzama kwenu saa moja kasoro. Mvua ilianza saa tatu. Hapo kuna zaidi ya saa mbili ambazo maji yalikuwa bado yanavumilika, mtandao upo, nawe uko nyumbani ukingoja chakula. Mashua ya jirani ingewafikia kabla ugali haujapoa. Katika saa hizo mbili mwanao alikuwa na hatari mbili mbele yake, ziwa na baba yake, akachagua ziwa.

Najua maneno hayo ni machungu. Sisemi wewe ni baba mbaya. Mimi nimelea wavulana watatu na mmoja wao alinificha mkono uliovunjika kuanzia Ijumaa hadi Jumapili. Nasema tu kwamba ukishughulikia injini, kasia, mafuta na laifu jaketi, ukaiacha hofu hiyo ilivyo, hujatengeneza kitu. Na makofi yale ya bichi, mbele ya wenzake, yamemfundisha somo lililo kinyume na ulilokusudia. Amejifunza kwamba ukigunduliwa unaaibishwa, kwa hiyo safari ijayo usigundulike.

Kwa hiyo kabla ya yote mwite, ninyi wawili tu, umwambie hivi au kwa maneno yako: ukikwama popote, saa yoyote, hata kama umeiba mashua, hata kama umelewa, nipigie. Nitakuja au nitamtuma mtu. Sitakuuliza kitu wala kukupigia kelele usiku huo. Tutazungumza kesho yake ukishakula. Kisha, na hapa ndipo wazazi wengi tunapoanguka, ulitimize. Atakujaribu kwa jambo dogo, labda amechelewa Kondele usiku hana nauli ya kurudi. Ukienda kumchukua ukiwa unafoka njia nzima, ahadi imekufa, na siku ya ziwa hatapiga.

Mfundishe pia kupiga simu yenyewe, maana mtu mwenye hofu hupayuka. Tuko wangapi, tuna nini chomboni, tunaona nini: taa za wapi, kilima kipi, upepo unatutoa upande gani. Awe na namba yako, ya ami yake na ya mwenyekiti wa BMU, kamati inayosimamia bichi yenu, kichwani, si kwenye simu peke yake. 999 na 112, namba za dharura, azijue. Na simu ikienda majini ifungwe ndani ya nailoni, fundo mbili. (Ndiyo, nailoni zilipigwa marufuku mwaka 2017. Kila banda la nyavu ninalolijua lina moja imefichwa.)

Sasa niseme juu ya huo ujuzi wake unaojivunia.

Mimi nilikulia Mbita, na nimevuka kwenda Luanda Kotieno mara nyingi nikiwa msichana, beseni la omena mapajani. Siku moja tulikuwa tumeshapanda, mizigo imepangwa, jua linawaka, maji yametulia kama uji uliopoa. Nahodha wetu, mzee asiyesema sana, akatazama upande wa milima ya Gembe, akazima injini, akashuka. Akaketi kwenye mchanga na hindi la kuchoma. Wamama tulimtukana. Mmoja alimwita mwoga mbele ya wajukuu wake. Mzee alitafuna hindi punje moja moja, kama anayehesabu pesa. Alipofika katikati ya gunzi upepo ulikuja, na mashua moja tupu iliyokuwa imefungwa ufuoni ilinyanyuliwa ikapigwa juu ya mawe mbele ya macho yetu. Hakuna aliyemwomba msamaha. Tulingoja tu, tukapanda kesho yake.

Mwanao anajua kuvuta injini, kukata kona na kupiga kasia. Kushuka kama yule mzee bado hajui. Na kukataa mbele ya marafiki watatu, mmoja ameshaelekeza kamera, ni kazi nzito kuliko kuvuta injini yoyote. Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, waliwapa watu wa rika tofauti mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wengine wakicheza peke yao na wengine wakitazamwa na wenzao. Watu wazima hawakubadilika sana. Wale wa miaka 13 hadi 16, walipotazamwa, walijihatarisha zaidi kwa kiasi kikubwa. Ni watoto wale wale, mchezo ule ule. Kilichoongezeka ni macho ya wenzao. Kwa hiyo usitegemee busara yake ya huko majini. Uamuzi ufanyike nchi kavu, mapema, akiwa bado mtu mmoja.

Hapo ndipo mdogo wako anaweza kuwa na faida kuliko fimbo yake. Kwa likizo zijazo kijana aende naye mchana, na kazi yake isiwe injini. Kazi yake iwe kuangalia anga na kusema tunatoka au hatutoki. Akisema hatutoki, hawatoki, hata kama ami anaona mbingu nyeupe. Mtapoteza siku moja mbili za samaki. Ni karo ya shule hiyo pia.

Na aelewe anachokiangalia, asidhani upepo ni bahati mbaya. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo hutoka ziwani kuja kwenu. Jioni mambo hugeuka: nchi hupoa upesi, ziwa hubaki na joto lake, upepo hutoka nyumbani kuelekea majini. Unatoka hivyo pande zote za ziwa, kwetu, Uganda na Tanzania, unakutana huko ndani, hewa inasukumwa juu na kuwa wingu la radi. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwa hili hupiga usiku na alfajiri. Ghuba ya Winam, hiyo yenu, nayo haina kina kirefu. Mawimbi yake ni mafupi, yamesimama wima, yanafuatana bila kukupa nafasi ya kuvuta pumzi. Sasa mwambie afikirie: wao walitafuta mwanga mzuri wa video, na mwanga mzuri ni ule wa jua kuzama, na jua kuzama ndiyo saa upepo unapogeuka kumtoa nyumbani mtu ambaye injini imemfia. Video hiyo hiyo wangeipiga saa tatu asubuhi, upepo wa mchana ungewarudisha ufuoni wakiwa wamekaa. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa wenye upepo na urefu wa mawimbi. Autafute, ausome kwa sauti kabla ya mashua kusukumwa, na autofautishe na anachokiona mwenyewe.

Laifu jaketi. Umesema mdogo wako na vijana watatu. Hao ni wanne. Umesema laifu jaketi ni tatu. Nani kati yao mmeamua azame?

Sikuulizi kwa dharau. Nakuuliza kwa sababu mwanao amehesabu pia, na amejua tangu utotoni kwamba zile ni mapambo ya msumari, za kumwonyesha afisa wa Mamlaka ya Usafiri wa Majini akija kukagua. Amekuona wewe, au ami yake, ukizivaa lini? Zina joto, najua, hunasa kwenye nyavu, na baada ya mwezi zinanuka kuliko samaki. Nunua ya nne na ya tano, ipimwe kifuani mwake, ifungwe vizuri ili isimpande usoni akiwa majini, na kila mtu mzima anayekanyaga chombo hicho avae, wewe wa kwanza. Neno "mtalii" litaisha lenyewe siku ami yake atakapoonekana bichi nzima akiwa amefunga buckle tumboni. Jerikeni tupu lililofungwa kifuniko litamwelesha mtu akilikumbatia, na ni vizuri yawepo mawili chomboni, lakini mkono uliochoka au mtu aliyezimia halimshiki.

Jambo ambalo hukulisema: kuna aliyetaka kuogelea kufuata taa za nchi kavu? Nakuhakikishia wazo hilo lilipita. Muulize. Ikiwa mwanao ndiye aliyewazuia, hilo ndilo la kumsifu, na umsifu waziwazi. Mashua ya mbao hata ikijaa maji haikimbilii chini, mtu anaishikilia. Taa za usiku huonekana karibu na hazifikiki. Na ukaribu wenyewe haumsaidii mtu: feri ya MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, ilipinduka ikiwa karibu kabisa na gati ya kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania, watu wa nchi kavu wakiiona, na waliokufa walipita 220.

Mama yake mwache alie, ana haki, lakini kuuza mashua sikubali. Kijana wa bichi asiye na mashua hupanda ya mwenzake, na ya mwenzake huenda inavuja kuliko yenu. Na Nakuru? Hebu mkumbushe kwamba Naivasha iko kaunti hiyo hiyo, ina mashua, ina vijana wenye simu, na juu yake ina viboko. Ila mpira wa mafuta wa injini uwe unatolewa na kulala chumbani kwa mdogo wako. Hilo mlifanye leo, halihitaji kikao.

Mzee mwache acheke. Kisa chako cha Kendu Bay ndicho kinachonisumbua. Umekisimulia kila Krismasi, na nina hakika kina mziki, kina msichana, kina mwezi. Kuna mahali unaruka. Kuna nusu saa hivi katikati ya maji ambapo wewe na wenzako mlinyamaza, kila mmoja akijifanya anatazama upande wake. Simulia hapo. Simulia ulivyojiona mjinga, ulivyotaka mama yako. Mwanao alianza kuchukua hiyo mashua siku nyingi, kwenye kochi lenu, Desemba, na chai mkononi.

Adhabu lazima iwepo, sijasema isiwepo. Lakini iwe na uzito wa kitu alichofanya. Aende mjini nawe nyumbani kwa wale vijana wawili, akae mbele ya mama zao, aeleze mwenyewe tangu petroli mpaka alfajiri. Usimsaidie akikwama. Wale wavuvi wa omena waliacha kazi ya usiku mzima kuwavuta vijana wenu nyumbani. Wapelekewe petroli na unga, na kijana awape siku zake za likizo zilizobaki, anike omena, ashone nyavu, hata kama marafiki wanapita na simu zao wakimcheka.

Na kuna mtu ambaye barua yako imempitia kama hayupo. Alitega wavu wake kwa nia njema jioni ile, akaurudia asubuhi akaukuta umekatwa kwa kisu. Bei ya nyavu unaijua. Pengine mpaka sasa anamshuku jirani yake. Mtafuteni huyo kwanza, Jumamosi asubuhi na mapema kabla hajatoka, kijana atangulie, wewe uwe nyuma.

Shangazi